Saruji inayohifadhi umeme: hatua za kupima kama uvumbuzi wako unaweza kupewa hataza

Zege lenye kaboni ya kutosha hupitisha umeme. Likilowekwa chumvi na kugawanywa kwa utando, huweza pia kuuhifadhi. Jambo hili limeshatangazwa dunia nzima. Mwaka 1995 watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walipewa hataza (patenti, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) ya Marekani ya michanganyiko ya saruji inayopitisha umeme. Mwaka 2021 Emma Zhang na Luping Tang wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, walichapisha betri ya saruji inayochajiwa upya, yenye wavu wa nyuzi za kaboni uliopakwa chuma upande mmoja na nikeli upande wa pili. Ilitoa wastani wa wati-saa 7 kwa mita ya mraba, yaani takriban wati-saa 0.8 kwa lita. Mwaka 2023 kundi la MIT (Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani) la Franz-Josef Ulm, Admir Masic na Yang Shao-Horn lilionyesha kwamba saruji, maji na kaboni nyeusi (unga laini kama masizi) vinatosha kutengeneza elektrodi za supakapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa kushika chaji juu ya uso wa elektrodi zake mbili), likakadiria mita za ujazo 45 kwa kilowati-saa 10. Mwaka 2025 kundi hilohilo lilishusha makadirio hadi mita za ujazo 5 hivi kwa nishati ileile, baada ya kubadili elektroliti (majimaji yenye ayoni yanayojaza vitundu) na namna ya kuiingiza kwenye zege.

Kwa hiyo anayepeleka ofisi ya hataza dai (maneno yanayotaja kinachoombewa ulinzi) la "saruji yenye kaboni inayohifadhi umeme" amechelewa. Bado kuna nafasi, lakini ni nyembamba: uhusiano uliopimwa kati ya kaboni, vitundu vya saruji, elektroliti na umbo la jengo, unaoleta matokeo ambayo fundi wa fani hii asingeyatarajia. Uhusiano huo unapatikana maabara, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayotangulia fomu.

Masharti ya msingi ni matatu karibu kila nchi: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi (usiwe jambo ambalo fundi wa fani angelifikia kwa urahisi), na uweze kutumika viwandani. La tatu halisumbui hapa, kwa sababu tofali, bamba na msingi wa nyumba ni bidhaa za viwanda. Chunga jambo moja tu: usidai kanuni. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 haihesabu ugunduzi, nadharia za kisayansi na mbinu za hisabati kuwa uvumbuzi, na ofisi nyingine husema vivyo hivyo. Mlinganyo wako wa jinsi kaboni inavyounganika ndani ya saruji haupewi hataza. Bamba lililotengenezwa kwa kuufuata linaweza kupewa.

Hatua ya 1: Usitangaze kabla ya kuwasilisha

Kutangaza ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Tasnifu iliyowekwa maktaba au kwenye hazina ya chuo mtandaoni imetangazwa. Vivyo hivyo muhtasari wa mkutano wa kisayansi, bango, video fupi, au tofali linalowasha balbu kwenye maonyesho ya Saba Saba huku maelezo ya mchanganyiko yakiwa ukutani. Kujenga kibaraza cha majaribio mahali ambapo yeyote anaweza kuchukua kipande na kukichunguza nako ni hatari.

Kenya humpa mwombaji miezi 12 ya msamaha kwa matangazo aliyoyafanya mwenyewe, na Marekani humpa mwaka mmoja. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inatoa miezi 6 tu, tena kwa hali mbili finyu: mtu aliyeiba siri yako waziwazi, au maonyesho ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi. Panga kazi yako kana kwamba msamaha haupo popote. Omba chuo kizuie tasnifu isionekane hadharani hadi tarehe ya maombi ipatikane, na kila mtu wa nje anayeona mchanganyiko, hata muuza kaboni anayekushauri, asaini kwanza mkataba wa kutunza siri.

Wakati huohuo tambua nani ni mvumbuzi na nani ni mmiliki. Mvumbuzi ni aliyechangia wazo lililo ndani ya madai. Fundi aliyemwaga zege kwa maelekezo si mvumbuzi, lakini fundi wa maabara aliyependekeza mpangilio wa kuchanganya uliookoa jaribio anaweza kuwa mmoja wao. Soma sera ya chuo na mkataba wa mfadhili mapema, kwa kuwa mgogoro wa umiliki ukiibuka mwaka wa tatu huharibu hata hataza nzuri.

Hatua ya 2: Igawe nyenzo yako katika sehemu sita

Chukua karatasi uandike sehemu sita, kila moja na namba zake.

Kwanza, saruji: aina, daraja, uwiano wa maji kwa saruji, siku za kukomaa. Saruji nyingi madukani Afrika Mashariki zina pozolana (majivu au mawe ya volkano) au chokaa iliyosagwa, na hilo hubadili vitundu na ukali wa maji yaliyomo ndani yake. "Saruji ya kawaida" haitoshi; andika CEM I 42.5, CEM II au CEM IV kama mfuko unavyosema. Pili, kipitishio: kaboni nyeusi, grafiti, nyuzi au mirija ya nano, kiasi chake, eneo la uso kwa gramu, na namna ilivyotawanywa. Tatu, elektroliti: chumvi gani, mkolezo gani, imeingizwaje na kwa muda gani. Nne, kitenganishi: utando, karatasi ya nyuzi za kioo, au tabaka la mota isiyo na kaboni. Tano, kikusanya umeme kinachopeleka mkondo kwenye waya. Sita, umbo la jengo: tofali, ukuta, sakafu au msingi, pamoja na mzigo unaobebwa na mahali nondo zilipo.

Sasa zungushia kile ulichokibadilisha wewe, uandike kimeisogeza namba gani. Usiposogeza namba, huna cha kudai.

Namba zinazohusika si nyingi. Nishati ya supakapasita ni nusu ya kapasitansi (uwezo wa kushika chaji, unaopimwa kwa faradi) mara volti mraba. Kilowati-saa 10 ni jouli milioni 36. Kwa seli ya volti 1 hizo zinahitaji faradi milioni 72, na zikisambazwa katika mita za ujazo 45 inakuwa faradi 1.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Elektroliti ya maji hukubana karibu na volti 1, kwa sababu maji huanza kuvunjika kinadharia kwenye volti 1.23. Seli ikifika volti 2 bila kuharibika, nishati huwa mara nne. Kupanga seli mfululizo huongeza volti za mfumo mzima, lakini hakuongezi nishati ya kila lita ya nyenzo, na mkaguzi wa ofisi ya hataza anayeijua fani atakushika hapo.

Uvumbuzi wenye nguvu zaidi leo, kwa tathmini yetu, ni unaogusa volti, unene wa elektrodi au kuishi pamoja na nondo. Dhaifu kuliko wote ni unaobadilisha chapa ya kaboni.

Hatua ya 3: Tafuta yaliyotangulia, na anza na yasiyohusu umeme

Hifadhidata za hataza za Espacenet, PATENTSCOPE ya WIPO (Shirika la Mali Ubunifu Duniani) na Google Patents hazilipishwi. Kutafuta kwa maneno peke yake kutakupotosha, kwa kuwa kitu kilekile huitwa zege, mota, jiwe bandia au mchanganyiko wa madini. Tumia alama za uainishaji, ambazo ofisi za hataza huipa kila hati kulingana na fani yake. C04B 28 ni michanganyiko yenye saruji; C04B 14/022 ni vijazio vya kaboni na C04B 14/38 nyuzi; C04B 2111/94 ni nyenzo za ujenzi zinazopitisha umeme. H01G 11 ni supakapasita, H01M ni betri, E04C 2 ni mabamba ya ujenzi. Ongeza H05B 3 na E01C 11/26 kwa zege la kupasha joto barabara na madaraja. Chuo Kikuu cha Nebraska kilijenga daraja la namna hiyo la kuyeyusha theluji, na hati za fani hiyo zina mapishi mengi ya kaboni ndani ya saruji. Unganisha C04B na H01G kwanza uone kilichopo, kisha tazama kila upande peke yake.

Mtego mkubwa uko kwenye rangi. Kaboni nyeusi imetumika miaka mingi kutia zege weusi, mara nyingi kwa kiwango kisichozidi asilimia 10 ya uzito wa saruji. Hati ya tofali jeusi la bustani haisemi neno lolote kuhusu umeme, lakini inaweza kuua dai lako la mchanganyiko, maana mchanganyiko ni uleule. Soma pia kazi za Deborah Chung wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, kuhusu saruji yenye nyuzi za kaboni inayojipima mkazo, na hataza za Kichina kwa tafsiri ya mashine. Ni nyingi, na mifano yake ina viwango kamili.

Tafuta majina ya watafiti pia, kwa sababu vikundi vikubwa huwasilisha maombi kabla ya kuchapisha makala. Na ukumbuke pazia la miezi 18: maombi huchapishwa baada ya muda huo, kwa hiyo yaliyowasilishwa mwaka huu huyaoni. Rudia msako kabla tu ya kuwasilisha na mara nyingine kabla ya kwenda nje ya nchi. Kwa kila hati iliyo karibu nakili tarehe, ukurasa, kiasi cha kaboni, uwiano wa maji na elektroliti.

Hatua ya 4: Pima kama ni mpya, kipengele kwa kipengele

Chora jedwali. Mistari ni vipengele vya dai lako, nguzo ni hati ulizopata. Uvumbuzi si mpya iwapo hati moja peke yake ina vipengele vyote. Hapa huruhusiwi kuunganisha hati mbili, na mkaguzi naye haruhusiwi.

Viwango ndivyo vinavyoangusha watu. Ukidai kaboni asilimia 5 hadi 20 ya uzito wa saruji, na hati ya zamani ina mfano mmoja wa asilimia 8, dai lote limekosa upya. Ukipunguza hadi asilimia 11 hadi 14 unaweza kupona, ila uwe na sababu ya kiufundi ya kuchagua hapo. Andika pia asilimia ya nini. Asilimia 3 kwa ujazo wa zege lote si asilimia 3 kwa uzito wa saruji, na dai lisilotaja msingi wake linasomwa kwa upana wote, likigusa hati za pande zote mbili.

Maneno "kwa ajili ya kuhifadhi umeme" hayakuokoi. Katika dai la bidhaa, ofisi ya Ulaya huyasoma kama "inayofaa kwa". Tofali jeusi la zamani likionekana linafaa, limekutangulia. Kimbilia kifaa kamili chenye elektrodi mbili, elektroliti na kitenganishi, au mchakato wa kukitengeneza.

Hatua ya 5: Jenga hatua ya uvumbuzi kwa tatizo, tofauti na matokeo

Chagua hati iliyo karibu kuliko zote. Taja tofauti yako nayo. Pima tofauti hiyo inaleta nini. Kisha uliza: fundi mwenye ujuzi wa kawaida, aliye na hati hiyo na vitabu vya fani, angefanya hivyo akitarajia kufanikiwa?

Kubadilisha kaboni nyeusi kwa grafini ili umeme upite vizuri zaidi: angefanya. Kubadilisha chumvi moja ya maji kwa nyingine na kupata ongezeko dogo: angefanya. Kumwaga elektrodi yenye umbo la ngazi badala ya bamba: angefanya, isipokuwa umbo lenyewe litatue tatizo la umeme.

Tazama sasa tatizo lenye utajiri, la nondo. Elektroliti inayotajwa sana ni kloridi ya potasiamu. Tuseme mita ya ujazo ya zege ina lita 200 za vitundu vilivyojaa myeyuko wa moli 1 kwa lita, na kilo 400 za saruji. Kloridi ni gramu 35.5 kwa lita mara 200, yaani kilo 7.1, ambayo ni karibu asilimia 1.8 ya uzito wa saruji. Kiwango cha Ulaya EN 206 huweka daraja la asilimia 0.40 kwa zege lenye nondo. Umekipita zaidi ya mara nne, na kutu itaanza. Ubaya haujaisha: kaboni ikigusa chuma moja kwa moja huunda jozi ya galvani (kama betri ndogo) inayoharakisha kutu hiyo.

Fundi atasema, basi ondoa kloridi. Akiweka salfeti, inaingiliana na aluminati za saruji na kuunda etringaiti, fuwele inayovimba na kupasua zege. Akiweka hidroksidi ya potasiamu, inaamsha mmenyuko wa alkali na silika kwenye kokoto zisizofaa, na zege linapasuka polepole kwa miaka. Ukipata mpangilio unaokwepa matatizo yote matatu huku ukibakiza sehemu kubwa ya kapasitansi, una hoja nzito: vitabu vya fani vilikuwa vikimwambia fundi asielekee huko. Weka maonyo ya vitabu hivyo ndani ya maelezo yako. Ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 6: Fanya vipimo vitakavyostahimili mkaguzi

Hapa ndipo maombi mengi ya nyenzo hufa, na mara nyingi kosa huwa la kipimo.

Saruji mbichi au yenye unyevu hupitisha umeme kwa ayoni hata bila kaboni. Ukipima kwa nyaya mbili na mita ya kawaida ya mkondo mnyoofu, utapata namba nzuri isiyo na maana: ukinzani wa maungio umeingia ndani, na sampuli imejijaza chaji. Pima kwa ncha nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volti. Tumia mkondo geu, kwa mfano kilohezi 1, kwa sampuli yenye unyevu. Kisha kausha sampuli pacha kwa joto la wastani, nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi, hadi uzito usibadilike, upime tena. Ikibaki kupitisha ikiwa kavu, mtandao wa kaboni upo kweli. Usikaushe kwa nyuzi 105 sampuli utakayoitumia baadaye kwa umeme, maana joto hilo huharibu etringaiti na kupasua vitundu.

Kwa kuhifadhi, fanya chaji na kutoa chaji kwa mkondo usiobadilika: kapasitansi ni mkondo mara muda gawanya kwa mabadiliko ya volti. Toa kwanza mporomoko wa ghafla wa volti mwanzoni mwa kutoa chaji, kwa kuwa huo ni ukinzani wa ndani. Fanya pia mzunguko wa volti (kuzipandisha na kuzishusha) kwa kasi kadhaa, kwa mfano milivolti 1, 5, 10 na 50 kwa sekunde. Anayetoa namba ya milivolti 1 peke yake anaficha tabia ya elektrodi nene, na mkaguzi anajua. Muda wa ayoni kusafiri hukua kwa mraba wa unene: ukiongeza unene mara mbili, muda ni mara nne. Ndiyo sababu kidonge cha milimita 1 kinachofanya kazi vizuri hakithibitishi dai la msingi wa nyumba. Pima angalau unene tatu uonyeshe mwelekeo.

Weka seli iliyojaa bila mzigo kwa saa 24 urekodi volti zinavyoshuka. Seli inayovuja huonekana ina kapasitansi kubwa wakati wa kuchaji, kumbe mkondo unaishia kwenye mmenyuko wa pembeni. Linganisha chaji iliyoingia na iliyotoka katika kila mzunguko, kwa mamia ya mizunguko kuendelea.

Usisahau kwamba unaomba hataza ya nyenzo ya ujenzi. Pima nguvu ya mgandamizo siku ya 28 kwa miche ya milimita 40 × 40 × 160 ya EN 196-1, kabla na baada ya kulowekwa elektroliti. Kaboni nyeusi ina uso mkubwa, hunywa maji, na humlazimisha mchanganyaji kuongeza maji, nguvu hushuka. Ukizuia hilo kwa kemikali ya kulainisha zege, andika aina yake, kiasi, na kama iliingia kabla au baada ya kaboni. Mpangilio wa kuchanganya hubadili mtandao wote. Kaboni ikisagwa kupita kiasi na kutawanyika sawasawa mno, chembe hutengana na umeme hukatika. Ikibaki mabonge, sehemu nyingine za sampuli hazina kaboni kabisa.

Kwa kila mfano tengeneza bechi tatu tofauti. Kukata vipande vitatu kwenye bechi moja hakuhesabiki. Ongeza mifano ya kulinganisha: isiyo na kaboni, yenye kaboni chini ya kiwango cha kuunganika (ambapo chembe bado hazigusani), na ile iliyonakiliwa kutoka hati iliyo karibu ukiitengeneza mwenyewe kwa saruji yako. Huu wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote na ndio unaorukwa zaidi. Kama unadai asilimia 11 hadi 14, pima 9, 11, 12.5, 14 na 16, ili ionekane kwamba nje ya mipaka mambo yanaharibika.

Usitegemee kuleta data baadaye. Uamuzi G 2/21 wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ulaya, wa mwaka 2023, unaruhusu ushahidi wa baadaye pale tu matokeo yanayodaiwa yamo ndani ya mafundisho ya maombi ya awali. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Amgen dhidi ya Sanofi, ilisisitiza kwamba anayedai eneo pana lazima aeleze vya kutosha ili fundi aweze kulitengeneza eneo hilo lote. Na mfano ambao hukuufanya unaruhusiwa kuandikwa, lakini Marekani hautakiwi kuandikwa kama tukio lililokwisha kutokea. "Bamba linatengenezwa" na "bamba lilitengenezwa" si kitu kimoja mbele ya mkaguzi.

Hatua ya 7: Andika madai kwa ngazi

Anza na dai la kifaa, shuka polepole. Mfano wa umbo, herufi zikisimama badala ya namba zako:

Dai 1. Bamba la ujenzi la kuhifadhi umeme, linalojumuisha elektrodi mbili za saruji iliyoganda, kila moja ikiwa na kaboni nyeusi asilimia A hadi B ya uzito wa saruji kavu na uwiano wa maji kwa saruji wa C hadi D. Kitenganishi kisichopitisha elektroni kati yake. Elektroliti ndani ya vitundu, yenye kloridi chini ya asilimia E ya uzito wa saruji. Na nondo ya chuma iliyotengwa na elektrodi zote mbili kwa tabaka la mota isiyo na kaboni lenye unene wa angalau milimita F.

Dai 2. Bamba la Dai 1, ambapo eneo la uso la kaboni nyeusi ni G hadi H mita za mraba kwa gramu, likipimwa kwa ufyonzaji wa naitrojeni kwa mbinu ya BET.

Dai 3. Njia ya kutengeneza bamba la Dai 1, yenye hatua za kutawanya kaboni ndani ya maji, kuongeza saruji, kumwaga, kukomaza kwa siku J, na kuingiza elektroliti.

Dai 4. Ukuta wenye mabamba kadhaa ya Dai 1 yaliyounganishwa mfululizo, pamoja na kidhibiti chaji.

Epuka kudai matokeo bila njia: "zege lenye kapasitansi zaidi ya K" hudai kila atakayefaulu baadaye, na utakataliwa kwa kutofundisha vya kutosha. Kila kipimo ndani ya dai kiwe na mbinu yake kwenye maelezo. Neno "takriban" huleta ubishi. Likiwa la lazima, eleza upana wake. Tumia "linalojumuisha" pale unapotaka kuacha mlango wazi kwa viambato vingine. Ukiandika "lililoundwa na … pekee", mshindani ataongeza gramu moja ya kitu kingine apite.

Ngazi za kurudi nyuma ziandikwe siku ya kwanza: ukidai A hadi B, taja pia viwango vinavyopendekezwa ndani yake. Baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya, na kiwango ambacho hakikuandikwa hakiwezi kukuokoa. Kwa wanaopenda kuficha: usidai mchanganyiko huku ukificha mpangilio wa kuchanganya unaoufanya ufanye kazi. Au ufundishe, au usiombe hataza, ukautunza kama siri ya biashara.

Hatua ya 8: Chagua njia ya kuwasilisha

Tarehe ya kwanza ndiyo mtaji. Tanzania Bara maombi huenda BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) chini ya Sheria ya Hataza, Sura 217. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA, kwa hiyo usidhani cheti cha Bara kinafika Unguja na Pemba. Kenya ni KIPI (taasisi ya mali ya viwandani). Kwa nchi kadhaa kwa pamoja kuna ARIPO, shirika la mali ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Harare: unataja nchi unazotaka, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi na Zambia, na ukaguzi hufanyika mara moja. Baada ya hapo kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kusema kama inaikataa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo, huko uombe peke yake.

Ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya kwanza unaweza kwenda nchi nyingine au kuwasilisha ombi la PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza) na kubakiza tarehe yako ya kipaumbele. PCT hukupa ripoti ya msako na maoni ya awali, na kusogeza gharama kubwa hadi mwezi wa 30 katika nchi nyingi, 31 kwa ARIPO. Tanzania kwa njia ya moja kwa moja imekuwa na ukomo mfupi zaidi, hivyo hakiki jedwali la WIPO kabla ya kupanga ratiba, au ifikie kupitia ARIPO. WIPO hupunguza kwa asilimia 90 ada yake ya uwasilishaji kwa waombaji wa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Sharti ni kwamba waombaji wote wastahili. Mwekezaji wa Ulaya akiandikwa mwombaji mwenza, punguzo linapotea.

Kama kipimo cha hatua ya uvumbuzi kimekuacha na mashaka, Kenya ina cheti cha uvumbuzi mdogo. Kinataka upya na matumizi ya viwandani, hakidai hatua ya uvumbuzi, na hudumu miaka 10 bila kuongezwa. Hataza kamili ni miaka 20. Kwa kiungio cha waya kwenye tofali, au umbo la kitenganishi kinachomwagwa pamoja na zege, cheti hicho kinaweza kufaa kuliko kupigania hataza.

Mwisho, tenganisha maswali mawili: je, naweza kupata hataza, na je, naruhusiwa kutengeneza? Hataza yako ya bamba lisilo na kloridi haikupi ruhusa ya kutumia elektrodi ya kaboni iliyo ndani ya hataza ya mwingine. Fungua familia ya kila hati iliyo karibu (maombi ya uvumbuzi uleule katika nchi mbalimbali), uone ilikwenda nchi zipi na kama ada zake za mwaka zinalipwa. Hataza isiyofika Kenya wala Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, haizuii kiwanda cha Athi River au Mbeya kutengeneza na kuuza palepale. Shehena ya kwanza ikipelekwa nchi ambako hataza hiyo iko hai, inaweza kuzuiliwa. Orodha hiyo ya nchi iwe mezani kabla ya kununua mashine ya kuchanganyia.